Viti Vitupu Kwanza

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba ndani ya memori kadi mnakaa watu alikuwa Mwalimu, na hakuwa anatania. Aliishika kati ya vidole viwili, ndogo kama stempu ya barua, akaisogeza karibu na sikio langu. "Sikia," akasema. Mimi nilisikia damu yangu tu. Lakini mimi ni mwoga wa kumwambia mtu mzima hapana, kwa hivyo nikaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo akanihesabu kati ya wale wanaosikia.

Tulikuwa majirani mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, plot ya mabati, na ukuta wetu na wake ulikuwa bati lile lile moja. Alikuwa amefundisha nasari ya kanisa miaka mingi hadi koo likamharibikia, ndipo akashika kamera. Jina la Mwalimu likabaki. Hata keateka, msimamizi wa plot, ambaye hakuwa na adabu kwa mtu yeyote, alimwita Mwalimu, tena akivua kofia.

Alipiga picha za harusi, ubatizo na matanga, na watu wazima aliwapanga kama watoto wa nasari. "Warefu nyuma! Wewe shati la mistari, songa. Bibi harusi, wacha kutoroka, si uliolewa kwa kupenda?" Hakumwita mtu kwa jina. Alikuita kwa nguo yako au kwa mahali ulipokaa. Mimi aliniita Wa Nyuma, kwa sababu katika kila picha nilijificha nyuma ya mtu. Na si picha tu, hata darasani nakaa nyuma. Nina miaka kumi na sita na bado mwalimu wa Kemia hajui sauti yangu.

Kamera ya digito aliipata mapema mwaka 2007, na sisi watoto wa plot tulifurahi kuliko yeye. Tulidhani sasa atapiga picha ovyo ovyo kama watu wengine, halafu tutazame nyuma ya kamera pale pale tucheke. Wapi. Aliichukua kama mtu aliyekabidhiwa shule mpya, akaanza na kuuliza itakuwa na madarasa mangapi.

Kadi alinunua mjini, kwa mzee mmoja Singasinga mwenye duka la redio na betri. Nilimsindikiza mara kadhaa likizoni, maana nilipenda kutoka plot. Kila mara walibishana vile vile.

"Mwalimu, chukua hii ya giga mbili. Hizi ndogo hata wenyewe wameacha kutengeneza."

"Unanipa darasa la watoto mia tano. Nitafundisha na mdomo gani?"

"Si itabeba harusi yote?"

"Hiyo ndiyo shida, mzee wangu. Itabeba harusi, ibebe matanga, ibebe na ubatizo juu. Darasa likijaa watoto wanakaliana. Unaita mmoja, mwingine anaitika."

Mzee alinitazama akacheka. "Huyu nyanya yako ataniua na maneno." Kisha akainama chini ya kaunta kutafuta zile ndogo, ambazo alikuwa akimwekea kwenye boksi la betri.

Hakununua kadi bila kuipima. Alisimama pale pale dukani akapiga ukuta mweupe wa duka, ukuta, ukuta, ukuta, mpaka kadi ikajaa na kamera ikakataa. Kisha akaanza kuzitazama moja moja kutoka ya kwanza. Kama picha zote ni ukuta ule ule, alilipa. Siku moja katikati ya kuta alisimama. Alinionyesha. Mimi niliona ukuta tu, labda na kivuli pembeni. Yeye akaitoa ile kadi akairudisha. "Hii ina mtu tayari," akamwambia mzee, na mzee hakucheka siku hiyo. Akampa nyingine.

Picha za ukuta ndizo pekee alizofuta maisha yake yote. "Ukuta hauna mama," alisema. Picha ya mtu hakufuta hata kama amefumba macho, hata kama ni kisogo. Akimaliza harusi, aliosha picha za ile kadi mjini, akaitoa kwenye kamera, akaifunga kwa karatasi ya miraba ya kitabu cha hesabu, akaandika juu yake: Harusi ya Bondeni. Matanga ya Njoro. Ubatizo wa mapacha. Harusi na matanga hazikukaa kadi moja hata siku moja. Halafu zote aliziweka kwenye mkebe wa majani chai, juu ya mchele mkavu, ili unyevu usiziingie. Mchele aliubadilisha mara kwa mara. Ule uliotolewa hakuupika, wala hakuwapa kuku wa keateka. Alikwenda kuumwaga shimoni huku amegeuza uso.

Watu walimshauri aweke picha kwenye CD kama wenzake. "CD ni sahani," akajibu, "na sahani huoshwa." Je, flash diski? "Hiyo inalala kila nyumba. Sitaki."

Alikuwa na desturi nyingine ambayo watu wa matanga hawakuipenda. Popote alipoitwa, alifika mapema kuliko wote, wakati hema ndiyo imesimamishwa na viti vya plastiki vimetoka kupangwa. Picha ya kwanza kwenye kadi ilikuwa hiyo: viti vitupu.

"Mwalimu, sasa unapiga nani?"

"Wenye viti."

"Hawajafika."

"Najua. Nataka kadi ijue kwanza watakaa wapi."

Nimeziona hizo picha za viti, alinionyesha kwenye kioo cha kamera. Sikuzipenda. Viti vyeupe safu kwa safu, nyasi zimelazwa, hakuna mtu, na kila mara katikati ya safu kimoja kimegeuka upande, kama mtu alikuwa amekikalia akaitwa nje. Nilimuuliza nani amekigeuza. Nakumbuka nilimuuliza kwa sauti ndogo sana. "Mimi sigusi viti," akasema.

Mambo haya yote mtu angedhani ni ya mtu mwenye huzuni. Sivyo. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, na alicheka hata kwenye matanga, tena mbele ya wachungaji. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mkali kwa mambo ya waganga na hirizi, na Baba, dereva wa lori, alikuwa akimchokoza kwa hilo. "Mwalimu, unatusi waganga na mkebe kwapani kama mganga." Naye akarudisha: "Na wewe unatembea na lori mgongoni kama konokono." Alipiga picha maelfu ya watu na hakuwahi kupigwa yeye. Ukichukua kamera kwa mchezo ukamwelekezea, alifunika uso kwa kiganja. Nilimuuliza kwa nini. "Mwalimu hakai kwenye dawati," akasema, na hapo ukajua maswali yamekwisha.

Sasa niandike kuhusu rejista, ingawa nikiandika nasikia baridi mgongoni.

Jioni, kabla ya kupika, alichukua kadi moja kutoka kwa mkebe akaiweka kwenye kamera, akapitia picha moja moja akiita. Nilimsikia kupitia bati nikifanya homuwaki. "Shati la mistari?" Halafu, kwa sauti nyembamba isiyo yake: "Yupo." "Kofia ya kijani?" "Yupo." "Mama wa mapacha?" "Yupo." Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemjibia kila mtu, na kila mmoja kwa sauti tofauti kidogo. Aliita na waliokufa. Wa Matanga ya Njoro, yule aliyekuwa ndani ya jeneza, naye aliitwa, naye alikuwa yupo. Mama alisema ni upweke, tumwache. Baba alisema ni kazi, fundi yeyote hukagua vifaa vyake.

Jioni moja nilisikia rejista ikiendelea, yupo, yupo, nyembamba vile vile, nikanyanyuka kwenda bombani na ndoo. Langoni nikakutana na Mwalimu akitoka dukani na pakiti ya unga. Tulisalimiana. Nikageuka kutazama mlango wake, ulikuwa na kufuli. Labda ilikuwa redio ya jirani wa upande ule mwingine. Sikumwambia mtu. Nilijaza ndoo nusu, nikarudi ndani, nikahamisha kiti changu mbali na bati.

Alikuwa na kadi moja ambayo hakuipiga yeye. Kabla hajajua mambo ya kupima, aliuziwa kadi iliyotumika, kwenye kibanda karibu na stendi, akaambiwa ni tupu. Ndani mlikuwa na picha za nyumba ya watu asiowajua: viti vya kitambaa chekundu, pazia la kijani lenye maua makubwa, na mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Katika kila picha watu wazima wanatazama keki, au runinga, au wao kwa wao. Mtoto peke yake anatazama kamera. Mwalimu hakufuta. Hakuitumia ile kadi hata kidogo, aliifunga akaandika Wageni, na kwenye rejista aliwaita kwa heshima ya wageni, wa kwanza.

Mwaka huo huo aliitwa mtaa wa Section 58 kupiga picha za bathdei ya mama mzee wa nyumba. Akaingia sebuleni, akakuta viti vyekundu, akakuta pazia la kijani lenye maua makubwa. Alitufuata sisi jikoni kwetu kutusimulia jioni hiyo, bado ana mkoba begani.

"Nikawauliza, na yule mtoto yuko wapi? Wakaniuliza, mtoto gani? Nikasema, msichana, wa hivi. Wakasema hapa hatujawahi kuwa na mtoto."

"Pazia ni pazia, Mwalimu," Baba akasema. "Wameuza mengi sokoni."

"Ndiyo," akasema. "Lakini mama mzee alianza kulia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini."

Baba ndiye aliyemharibia utaratibu, na alifanya hivyo kwa mapenzi mema. Baba alikuwa akienda na lori Malaba, mpakani, na kurudi, na karibu na Krismasi mwaka 2007 alirudi na zawadi za kila mtu. Mwalimu akaletewa memori kadi. Nyeusi, inang'aa, imeandikwa giga nne.

"Shule nzima na uwanja wake," Baba akasema. "Sasa utupe huo mkebe, tafadhali, watoto wanaota ndoto mbaya."

Nilimtazama Mwalimu. Nilijua anataka kuipima. Nilimwona akigeuza macho kuelekea ukuta wa choo, ambao ulikuwa umepakwa chokaa juzi. Lakini kwetu huwezi kuletewa zawadi ukaanza kuipima mbele ya aliyeileta. Ni kama kukaribishwa chai halafu ukanusa kikombe. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima. Akashukuru kwa mikono miwili, akaiingiza kwenye kamera.

"Ngoja nipige viti kwanza," akasema, na akaanza kutafuta kwa macho hata stuli.

"Wacha viti! Nipige mimi." Baba alikuwa amesimama karibu na mitungi ya maji, kofia nyuma ya kichwa, pengo lake linaonekana kwa kicheko. "Leo mimi ndio kiti."

Tulicheka wote. Hata Mwalimu alikohoa kile kicheko chake. Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, kama kawaida. "Wa Nyuma, leo jitokeze," Mwalimu akasema, lakini nikaona haya, nikaweka tu mkono begani kwa Baba na kubaki nimejificha. Akapiga. Akasema ataiosha mwaka ukianza, maduka yakifunguliwa. Baba aliondoka na lori baada ya sikukuu kuelekea Eldoret.

Sitaandika sana kuhusu ile Januari ya ghasia za baada ya uchaguzi. Kila mtu Nakuru ana yake. Sisi tulitoka Kaptembwo na nguo tulizovaa, na tuliporudi kutazama, nyumba ilikuwa majivu, albamu ya harusi ya Mama na Baba ikiwa ndani. Lori lilipatikana juu huko mbele ya Timboroa, njia ya Eldoret, mlango wa dereva wazi, mzigo hakuna. Baba hakupatikana. Kitambulisho, chenye picha yake, alikuwa ameondoka nacho mfukoni.

Mama alifanya kazi ya nyumbani Section 58, kwa familia ya Kihindi, nao walitupa chumba cha nyuma. Kutoka hapo akawa anatoka kila siku ya mapumziko kwenda kutafuta. Vituo vya polisi, hospitali, kambi, mochari. Kila mahali waliuliza swali moja: "Picha yake iko?" Haikuwako. Mama akawa anaeleza, mrefu, mweusi wa wastani, ana pengo la juu. Askari mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, hao ni wanaume wote." Ndugu za Baba walikuja wakasema labda tukae, tuombe, tumlilie ili roho zitulie. Mama akawakatalia. "Mtamlilia nani? Mimi nasema hajarudi. Hajarudi tu." Neno lingine hakulitamka, na sisi tukajifunza kutolitamka.

Na mimi nilikuwa na siri mbaya zaidi. Nilikuwa naanza kusahau sura yake. Niliona kofia, niliona pengo, lakini katikati palikuwa peupe. Nikifumba macho shuleni wakati wa maombi nilijaribu kumkusanya na vipande havikukaa. Picha ilikuwa moja tu duniani, nayo ilikuwa kwa Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amehama bila kuaga.

Tulikuja kusikia yuko kwa dada yake, huko Kiamunyi. Mama hakuweza kupata ruhusa kazini, kwa hivyo likizo ya Agosti akanituma mimi. Mimi ambaye naogopa hata kumuuliza konda nauli. Njia nzima nilirudia maneno ya kusema.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye gogo akichambua mchele kwenye uteo. Alikuwa amekonda. Hakuwa na mkoba begani, na bila mkoba bega moja lilikuwa juu kuliko jingine.

"Wa Nyuma," akasema kabla sijafungua mdomo, na hakuwa amegeuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Umekuja kumchukua."

Nikasema ndiyo. Maneno yote niliyoyakariri yalipotea. Akaweka uteo chini akanieleza, polepole, kwa sauti yake ya kukwaruza. Wiki zile maduka ya mjini yalikuwa yamefungwa na kadi zake ndogo zote zilikuwa zimejaa, na yeye hafuti. Watu walimwita kwa mazishi, leo hapa, kesho pale, hata harusi mbili za haraka haraka. Kadi iliyokuwa na nafasi ilikuwa moja. "Wote wakaingia darasa moja. Mwezi wa tatu nikakaa niite rejista. Nikaita bibi harusi. Kichwa kilikuwa chake, shela lake, maua yake. Kuanzia kifuani kwenda chini lilikuwa jeneza." Akajifuta mikono kwenye leso. "Nikafunga. Sijafungua tena."

"Na Baba?"

"Baba yako aliingia wa kwanza. Wakianza kukaliana, wa kwanza ndiye wa chini kabisa."

Ni yeye huyo, nilifikiri, ambaye alipima kila kadi kwa ukuta mzima wa duka. Moja tu hakuipima. Nadhani alijua ninachofikiri kwa sababu alisema, "Alikuwa amefurahi sana siku ile. Ningepimaje?"

Nikauliza kitu ambacho mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. "Mbona hukumwambia Mama?"

"Kwa sababu ikiwa sijafungua," Mwalimu akasema, "yupo."

Aliingia ndani akarudi na mkebe. Kadi ilikuwa imefungwa peke yake, na juu ya karatasi hakuwa ameandika chochote. Akanifumba vidole juu yake. "Usiifungue peke yako. Nenda na mama yako. Na akiitika mwingine, usikimbie."

Tulikwenda saiba moja mjini, duka la kompyuta, Mama akiwa ameshika mkono wangu kana kwamba mimi ndiye nitapotea. Kijana wa saiba alikuwa na hereni na heshima. Alichomeka kadi, akaguna.

"Mathe, hii ni feki. Wameandika giga nne lakini ndani hakuna kitu. Ikijaa inarudi mwanzo inaanza kuandika juu ya zile za kwanza. Kuna zitafunguka, kuna zingine zitakuja zimechanganyika."

"Fungua ya kwanza," Mama akasema.

"Hiyo ndio itakuwa imeumia zaidi."

"Fungua, kijana wangu."

Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa sababu kompyuta ilikuwa ya zamani. Kwanza bati. Kisha kofia. Kisha Baba. Paji, macho, pua, pengo, kicheko, yote, na sehemu ile nyeupe kichwani mwangu ikajaa kwa mara moja hadi nikashika meza. Begani kwake niliona vidole vyangu. Halafu chini kidogo ya bega, picha ikakatika kama karatasi iliyochanwa, rangi ikageuka zambarau kidogo, na kutoka pale hadi mwisho palikuwa na viti. Viti vya plastiki, safu kwa safu, nyasi zimelazwa, hakuna mtu. Vilianzia kifuani mwa Baba vikaenda mpaka chini.

Niliviangalia vyote haraka. Vyote vilitazama mbele. Hakuna kilichogeuka upande.

Kijana wa saiba alikohoa. "Hiyo ya chini ni ya picha ingine, mathe. Ni kadi tu imechanganya. Naweza kukata hapo, nikuachie uso peke yake, itatoka poa."

Mama alikuwa ameelewa kwamba viti vile ni vya picha nyingine. Nataka hili lijulikane, kwa sababu shangazi zangu baadaye walisema alichanganyikiwa. Aliuliza hata ni nani aliyekuwa akizikwa siku hiyo, na kijana akamwambia hawezi kujua. Mama akatazama tena kwa muda mrefu, uso wa Baba, kisha viti, kisha uso.

"Usikate," akasema. "Osha hivyo hivyo."

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Vimepangwa siku nyingi hivyo. Sisi ndio hatujaenda kukaa."

Kwa hivyo tulipanga siku ya kumlilia Baba. Mwajiri wa Mama alitupa uwanja wa nyuma, hema ikaletwa, viti vya plastiki vikaletwa. Jeneza halikuwako. Mezani tuliweka ile picha kwenye fremu, nzima, kama ilivyo. Asubuhi hiyo mimi na Mama tulikuwa uani kabla ya watu, tukifuta umande kwenye viti, lango likalia. Alikuwa Mwalimu. Mkoba ulikuwa begani.

Hakusalimu. Alisimama mbele ya viti kama mtu aliyechelewa darasani. Alitoa kamera, akanionyesha kadi mpya, ndogo, aina ile ile ya mzee Singasinga, akaiingiza. Aliinua kamera, lakini hakupiga. Akaishusha tena mpaka kifuani.

"Wa Nyuma?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba safari hii hatanijibia. "Nipo," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa, mimi mwenyewe nikashtuka.

"Mama yake?"

"Nipo, Mwalimu."

"Baba yake?"

Jua lilikuwa limeanza kufikia viti, na plastiki ikaanza kulia, kak, kak, safu ya pili, safu ya nne, kama inavyolia ikipata joto. Mwalimu hakufungua mdomo. Alingoja ile sauti nyembamba itoke popote inapotoka, na mimi nilingoja pia, na kwa muda mfupi niliitaka.

Mama akaweka chini kitambaa cha kufutia.

"Hayupo," akasema. "Hayupo, Mwalimu."

Mwalimu akangoja kidogo bado, kama anavyompa mtoto mzito wa kuitika nafasi ya mwisho. Kisha akainua kamera akavipiga viti.